Nishani ya Mpishi wa Jeshi

Ame,

Wali na mchuzi wa samaki changu nshavifunika jikoni, kula usitusubiri. Mkaa umekwisha, nunua.

Nnakwenda Darajani na babako kwa mpiga taipu, tupeleke barua Uingereza kudai nishani yake ya vita vya Bama, alipokuwa mpishi wa jeshi la Mwingereza. Asubuhi nilipoitaja ulicheka, ukasema, "Nishani ya kupika wali?" Hukuuona uso wake. Ulipotoka akanambia, "Mwatum, yaache hayo. Mtoto kasema kweli." Nikamjibu, "Waliokula wali wako wamevishwa nishani, na mabomu yaliwaangukia nyote."

Akafungua kasha mwenyewe, akatoa cheti chake cha jeshi. Nambari yake ya uaskari bado inasomeka. Nikamwambia angoje nyumbani. "Mimi si marehemu," akasema, "sahihi ntatia mwenyewe." Sasa yuko mlangoni, kashavaa koti, ananihimiza. Nishani itakuja, sina wasiwasi.

Nguo zianue mvua ikianza.

~~Tukirudi muombe radhi.~~ Usimuombe radhi, ataona haya. Kaa naye barazani, muulize habari za Bama, na usiinuke mpaka amalize.

Mamako