Kitenge Chako cha Migomba

Mama Yolanda,

Kitenge chako cha migomba nimekifua. Nalisema hili kwanza, ili ulisikie kwangu na si kwa mwingine, kama huko uliko habari hufika.

Unajua desturi ya kwetu: nguo ya marehemu haiguswi na maji mpaka matanga yaondolewe. Lakini si desturi peke yake iliyonizuia. Tangu tukuzike nilikuwa nimekikunja chini ya mto, na kila nilipokifunua uliingia chumbani: moshi wa kuni, mawese, jasho la shingo yako. Harufu ilikuwa ikipungua, nami nikawa nakifunua kwa nadra, kama mtu anayebania chumvi ya mwisho.

Yolanda amejifungua, kabla ya wakati wake. Alipandwa na presha, miguu ikavimba, akaanza kuona giza. Tulimpakia kwenye bajaji kutoka nyumbani Ipuli hadi hospitali, wakampasua siku hiyohiyo. Mtoto ni wa kike. Ni mdogo, Mama Yolanda. Kiganja chake chote hukaa juu ya ukucha wa dole gumba langu.

Pale wapo madaktari wanaofanya utafiti juu ya watoto wa namna hii. Walinieleza kwamba mtoto ambaye hajatulia hulazwa kwanza mezani, chini ya taa ya joto, na akishapata nguvu ndipo huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Sasa wanataka kujua kama kumweka kifuani tangu mwanzo kutawaokoa wengi zaidi, hasa mahali kama hapa, ambapo taa moja huotwa na watoto watatu na umeme hauna adabu. Nani aanzie kifuani na nani aanzie mezani, huamuliwa kwa kura.

Neno hilo lilinichoma. Wewe unajua kwa nini. Tangu tuvuke mpaka kama wakimbizi, tukiwa vijana, tumepangwa na watu wenye karatasi: nani apande lori lipi, nani apewe shamba wapi. Nikamuuliza daktari, binti mdogo aliyeniamkia shikamoo kwa heshima zote, kwa nini mjukuu wangu achezewe bahati nasibu. Akavuta kiti, akakaa kwanza.

"Babu," akasema, "ningejua lipi ni bora, nisingepiga kura. Ningekupa hilo."

Nimefundisha maisha yangu yote, na ni wachache niliowasikia wakikiri kutojua bila kujificha. Nikamwambia Yolanda aamue mwenyewe. Akatia sahihi.

Kura ikatupeleka kifuani. Lakini kifua cha nani? Yolanda hakuweza hata kukaa. Mumewe yuko Mpanda, anasubiri treni. Benchi la wenzetu limejaa mama mkwe, shangazi, wifi, mpaka jirani aliyetoka Igalula na kuku wake. Ukoo wetu ulibaki ng'ambo. Huku, ukoo ulikuwa wewe. Nikabaki mimi.

Muuguzi aliniagiza kitenge safi kilicholainika, kwa kuwa kipya cha dukani hukwaruza, na ngozi ya mtoto huyu ni kama utando wa yai. Nikakumbuka siku nilipokucheka kwa kukataa nikununulie kingine. "Nguo haizeeki, Mwalimu, inalainika." Nyumbani mlikuwa na kimoja tu cha ulaini huo, kile ulichokipenda kwa sababu ya majani yake. Ulisema katika ukame wote huu wa Tabora, hilo ndilo shamba lako la migomba.

Nilikifua kwa mikono yangu. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Nilisimama na beseni, nikashindwa kuyamwaga. Mwishowe niliyamwaga kwenye shina la mpapai wako. Kilipokauka nilikinusa. Hukuwamo.

Wodini niliambiwa nivue shati mbele ya wanawake. Mama Shija, ambaye mwanawe kura ilimpeleka mezani, aliniangalia akasema, "Babu, kwa mvi zote hizo, mtoto atadhani amelazwa kwenye nyasi." Wakacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Kisha muuguzi akanilaza mtoto kifuani, miguu imekunjwa kama chura, kibomba cha hewa puani, akatufunga pamoja kwa migomba yako. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za wapagazi wa nchi hii, waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi pwani? Tulikaa miaka yote hii katika nchi ya wabebaji, na mimi nikashika chaki tu. Sasa nami nimepewa mzigo. Ni mwepesi kuliko kamusi, na mabega yananiuma.

Sitakuficha: mambo si mazuri. Jana alisahau kupumua. Muuguzi, ambaye yuko peke yake kwa wodi nzima, alikuwa upande wa pili. Nikamsugua unyayo kama nilivyofundishwa, nikimwita bila jina. Akarudi. Uzito wake bado unashuka. Mtoto wa Mama Shija, yule wa mezani, ameanza kuongezeka, na mama yake hunikwepa macho kana kwamba ameniibia. Namwombea mwanawe. Namwombea kweli, lakini kuna kona moyoni ambayo haisemi amina. Daktari akipita, namtazama usoni nitafute jibu, halafu nakumbuka kwamba alikwishaniambia hana.

Leo Yolanda ameletwa kwa kiti cha magurudumu, akamgusa mwanawe mgongoni. Akauliza tumwite nani. Nikasema bado. Akadhani naogopa, na hakukosea.

Nakuaga sasa, maana saa yangu ya kumbeba tena imefika. Matanga yako nimeyaondoa peke yangu, bila ndugu na bila pombe ya kuagana, kwa beseni la maji. Usinikasirikie. Kitenge sasa kinanukia maziwa. Nakuahidi hili: maadamu kifua changu kina joto, hatashuka hapa kwa uzembe wangu. Akibaki, ataitwa jina lako. Akija huko, utamtambua kwa migomba, nawe umpokee.

Lakini usimwite.

Mumeo,
Mwalimu