Kiungo Chako Kilikuwa Kizima

Ami Salim,

Walisema ni wewe. Naanza hapo kwa sababu ukilisikia kwa mtu mwingine utaudhika zaidi. Mtandao ulikatika Mji wa Kale wote, na ofisi ikaandika kwamba chanzo ni kiungo cha waya ulichokiunga vibaya. Si kweli. Mimi ndiye ninayejua kwamba si kweli, na shida yangu ndiyo hiyo.

Ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Siku ile nilisimama nyuma kwa sababu dua zenu sizijui, nikashika ndoo ya maji mpaka nikaitwa. Tangu hapo kiti chako pale stoo kimejaa maboksi ya ruta. Mita yako ya mwanga, ile ya kupimia kama mwanga unapita kwenye waya, niliirithi mimi. Walitaka kumpa kijana mpya mwenye cheti, akaishika kama anayeshika panya, wakaniachia. Mke wangu kule Bungoma bado anauliza nitarudi lini, na mimi bado namjibu baada ya kazi hii. Mwaka wa tisa huu, Ami. Kazi hii haina mwisho, nyaya hizi za faiba ni kama majani, ukivuta hapa inatakiwa kule.

Basi sikia ilivyokuwa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafunga ngazi juu ya tuktuk pale chini ya ofisi, Kizingo, simu zikaanza kulia huko juu. Maduka yote, Mji wa Kale, Kizingo mpaka Mbaraki, hayana mtandao. Yule mama wa mabuibui anayeuza kwa simu, hana. Madrasa, haina. Ofisi za mizigo ndiyo usiseme, wale wanapiga kelele hata mtandao ukiwepo. Nikapanda na mita mkononi. Kabla ya kupanda nilikuwa nimeshapima mwanga kwenye waya unaotuletea mtandao kutoka kwa ile kampuni kubwa tunayonunua kwake. Mwanga ulikuwa unafika vizuri, bila kupungua hata kidogo. Nikasimama mlangoni nikasema, mwanga upo.

Injinia Faraj hakugeuka. Alisema, "Nani kamuuliza huyu?"

Injinia Mutinda akasema, kwa upole wake ule wa kumwambia mtoto, "Wekesa, mwanga si mtandao."

Hilo najua. Wewe ndiye uliyenifundisha. Kama mwanga unafika, waya ni mzima, basi acheni waya, tafuteni kwingine. Ndiyo maana nilipanda ngazi zote zile kuwaambia. Lakini ukiwa na udongo kwenye viatu, unachosema kinasikika kama kikohozi.

Wakampigia simu kijana wa kampuni kubwa. Akasema kwao taa zote ni za kijani, tuangalie upande wetu. Wakasema upande wetu ni sawa, aangalie wake. Akasema thibitisheni. Hapo ndipo wakaanza ule ubishi wao, Ami, ule uliokuwa unakutoa ofisini ukaenda kunywa kahawa. Anwani. Zile namba ambazo kila nyumba na kila duka lazima liwe nazo ili mtandao uwajue. Faraj anasema anwani tulizonazo ni milki yetu. Mutinda anasema hakuna mtu duniani anayemiliki anwani, ni amana tu, tumepewa tukae nazo. Faraj anamwambia aende akasome. Mutinda anamwambia ameshasoma, ndiyo maana anasema amana. Wakaandika barua pepe kwa mainjinia wenzao wa sijui wapi, nao wakajibu, mmoja akasema maneno yote mawili ni ya zamani. Mtaa mzima hauna mtandao, na watu wazima wawili wenye miwani wanagombana jina la kitu ambacho hakifanyi kazi. Saa mbili. Nilihesabu kwa saa ya ukutani kwa sababu sikuwa na kingine cha kuangalia.

Kisha Meneja akatoka chumbani kwake. Hakuuliza tatizo ni nini. Aliuliza tunaweza kumwonyesha nini yule wa kampuni kubwa kwamba tumefanya kazi. Faraj akasema tunaweza kuunga upya kile kiungo cha Mji wa Kale, cha zamani kile, cha marehemu.

Walikutaja hivyo. Cha marehemu.

Nikaenda. Unakijua kile kisanduku chenye kiungo, ukutani, nyuma ya msikiti, pale unapopita kwa ubavu kama mtu mwingine anakuja. Nilikifungua. Ami, nilikaa juu ya ngazi nikakitazama tu. Nyuzi zako zimelala duara juu ya duara, kila rangi mahali pake, hakuna hata moja iliyopanda juu ya nyingine. Nilikumbuka siku ya kwanza uliponipa uzi nikaushika kwa nguvu, ukaniambia, "Polepole, mtu wa bara. Huu si muhogo wataka kuung'oa." Ukacheka wewe, akacheka na dereva wa tuktuk. Mimi nilikasirika, na jioni ukaninunulia viazi vya karai ili nirudi kesho yake.

Nikapima. Mwanga unaingia, mwanga unatoka. Kizima kabisa. Nikampigia Meneja nikamwambia kiungo kizima, nisikiguse. Akasema, "Kata."

Nikasema tena, mzee, kizima.

Akasema, "Wekesa, wewe ni wa kukata au wa kufikiri?"

Nikakata.

Sitakupa sababu. Ninazo, lakini ungezisikiliza mpaka mwisho kisha ukaniuliza kama nimemaliza. Nilikata kitu kizima huku mita ikiniambia ni kizima. Wale wa juu ni wapumbavu wa kusoma. Mimi nilijua, nikafanya. Sijui kati yetu nani umdharau zaidi, ila mimi siku hiyo nilijidharau mpaka nikashindwa kula.

Mtandao haukurudi, bila shaka. Ungerudije.

Baada ya adhuhuri, nikiwa nimerudi ofisini kuchukua vifaa vya kuungia, akapiga simu mwanamke mmoja wa kampuni kubwa, sauti ya mtu aliyechoka kama mimi. Faraj aliweka simu isikike na wote. Mwanamke akasema walitutumia fomu mwezi uliopita. Kila kampuni inayonunua kwao ilitakiwa iseme anwani zake ni zipi na ilizipataje. Ambaye hakujibu, anwani zake zimetolewa kwenye orodha, na zisizo kwenye orodha hazipitishwi. Ninyi hamkujibu, akasema.

Mutinda akafungua barua pepe. Fomu ilikuwapo. Ina visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha milki, kimoja cha amana. Walikuwa wameitumiana wao kwa wao, Faraj kwa Mutinda, Mutinda kwa Faraj, barua juu ya barua, kila mmoja akimweleza mwenzake alama iwekwe wapi, mwezi mzima. Hakuna aliyekumbuka kuirudisha kwa mwenyewe. Yule mwanamke akasema wekeni popote, kwake ni sawa, anachotaka ni namba. Wakampa namba. Kabla chai haijapoa, Mbaraki ikarudi, Kizingo ikarudi.

Mji wa Kale haukurudi, kwa sababu mimi nilikuwa nimeukata.

Niliunga siku hiyo nikakosea, nikaunga tena, mwanga ukawa hafifu. Ilinichukua mpaka Jumanne mchana. Sina mkono wako. Sasa ofisi ikawa na siku ya pili ya kuieleza kwa wateja, na Meneja akaieleza. Ripoti ikasema hitilafu ilisababishwa na kiungo kibovu kilichofanywa na fundi wa awali, Salim, sasa marehemu, na kwamba kimerekebishwa. Chini kuna mstari wa fundi aliyerekebisha kutia sahihi. Shule niliachia darasa la saba, lakini jina lako nikiliona nalijua. Nikauliza kwa nini limewekwa. Meneja akasema, "Mwenyewe amekufa, Wekesa. Hawezi kufukuzwa kazi." Alidhani anasema jambo la busara.

Nikaacha karatasi mezani nikatoka.

Lakini maneno hayangoji sahihi. Wateja walipopiga simu walishaambiwa. Nilipopita kumsalimu mkeo, Bi Zuhura, alikuwa anachagua mchele. Hakuniambia karibu. Alisema, "Wekesa, mwanangu, watu wasema Salim aliwaunga ovyo. Hata muuza mahamri aniambia mimi, mlangoni pangu. Ni kweli?"

Unajua siku zote akiuliza hainui macho. Siku hiyo aliyainua.

Nikamwambia yote. Fomu, milki, amana, mita, simu. Aliniacha nimalize.

"Kilikuwa kizima?"

Kizima, mama.

"Na ukakikata wewe."

Mimi.

Akarudi kwenye mchele. Akasema, "Basi usiwatilie sahihi." Kisha akasema, "Na usinijie siku mbili tatu. Si kwa ubaya. Nikikuona sasa naona mkasi."

Nilitoka nikaenda kwenye baraza pale kwa muuza kahawa, wazee wamekaa. Wananijua kama kijana wa Salim. Nikawaambia nilichomwambia yeye, kwa Kiswahili changu hiki cha bara wanachokicheka. Hawakucheka. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe wasema haya kwa nini, utafukuzwa." Nikasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akanisogezea kikombe. Sasa mtaani wanajua. Ila karatasi bado iko ofisini, na siku ikitoka na sahihi yangu, itakayosomwa miaka yote ni hiyo.

Wamenitoa kwenye mita, Ami. Nachimba mtaro Mbaraki, sururu na koleo, kama nilivyoanza kabla hujaniokota. Ripoti haifungwi bila mimi, maana kampuni kubwa inataka sahihi ya aliyeshika kazi. Kwa hiyo wananifuata. Wiki hii wamekuja wawili, Faraj na Mutinda, na viatu vyao, wamesimama ukingoni. Mutinda amebadilisha maneno ili yasiniume. Badala ya kiungo kibovu ameandika kiungo chenye udhaifu wa awali. Faraj akasema udhaifu si neno sahihi, inafaa upungufu. Mutinda akasema upungufu ni wa kipimo, udhaifu ni wa hali. Walianza papo hapo, Ami, juu ya kichwa changu, na udongo walioukanyaga ukawa unaniingia shingoni. Mimi nachimba tu.

Walipochoka nikawaambia waandike hivi: Wekesa alikata kiungo kizima kwa amri ya Meneja. Nitatia sahihi sasa hivi, hata kwa kidole gumba chenye matope.

Mutinda aliitazama fomu yake ya ripoti, mbele na nyuma. Akasema hakuna sehemu ya kuandika kitu kama hicho.

Nikawaambia basi warudi ikipatikana.

Lala, Ami. Mola akupe nafasi huko kubwa kuliko ile stoo yetu. Nilikata kazi yako, na hilo siwezi kulirudisha. Jina lako sitalikata. Watakuja tena wiki ijayo na neno jingine, na mimi nitakuwa mtaroni.

Wako,
Wekesa