Vumbi Lililoondolewa Mara Mbili

Kwa Dada yangu Joventa,

Mwakeye, Dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu wa Mama umepungua kuvimba tangu mlipompeleka kwa daktari Kasulu. Maharage yamekubali mwaka huu? Mimi ni mzima. Kidonda cha upasuaji kimefunga kabisa, sasa nabeba hata ndoo ya maji. Nimeandika kwa karatasi na kumkabidhi mwalimu wa kwetu aliyekuja huku Afrika Kusini kwa mafunzo, maana ujumbe wa simu hapo nyumbani husomwa na yeyote anayeikuta simu mezani. Haya nataka yakufikie wewe kwanza.

Uliniambia mama yake Festo alitoka Kibondo akaja Heru Juu na mkungu wa ndizi, akakaa na Mama mchana kutwa, akalia, akaomba nimsamehe mwanawe. Ukaniuliza, "Skola, kakukosea nini kijana huyu tuliyemzoea kama wa humu ndani?" Ngoja nikueleze, halafu utaelewa kwa nini jibu langu ni hapana.

Unajua kazi yangu ni nyota zinazolipuka, ila sijawahi kukueleza zinatusaidia nini. Kuna aina moja ya nyota ambayo ikilipuka hutoa mwanga unaokaribia kulingana na wa wenzake. Basi ikionekana hafifu tunajua iko mbali, ikionekana angavu iko karibu. Rangi za mwanga nazo hutuambia galaksi yenye nyota hiyo inakwenda kwa kasi gani. Ulimwengu unatanuka, na galaksi iliyo mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi, kwa hiyo ukishajua umbali, kuna kasi unayoitarajia. Ikizidi au ikipungua, kuna kitu kizito kinaivuta. Chukulia umesimama kilimani kwetu, unatazama baiskeli zenye magunia ya muhogo zikienda mjini, na majani marefu yameficha barabara. Mteremko huuoni, lakini baiskeli zikianza kwenda mbio bila mtu kukanyaga pedali, unajua uko pale. Hivyo ndivyo tunavyochora ramani ya maada katika sehemu ya ulimwengu iliyo jirani nasi, hata ile maada isiyotoa mwanga wowote. Miaka mitatu nilikuwa naichora ramani hiyo, nyota moja baada ya nyingine.

Festo alikuwa meza ya pili kutoka kwangu. Tulikuwa sisi wawili tu tunaozungumza Kiha katika jengo zima. Wale samaki wa migebuka ulionitumia tuliwala pamoja. Nilipolazwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, nilimpa neno la siri la kompyuta yangu ili aihifadhi kazi isipotee. Alikuja hospitali kila siku na chupa ya uji. Ananiuliza, "Dada, unaendeleaje?" nami namwombea Mungu ambariki.

Niliporudi kazini nilikuta tangazo ubaoni. Ramani ya maada ya ulimwengu wa jirani, kazi ya Festo, itawasilishwa mbele ya wageni kutoka nchi nyingi. Jina langu halikuwepo hata kwenye shukrani. Nilimfuata mezani kwake.

"Festo, hii ramani ni yangu."

Hakuinua macho. "Dada, wewe ulikuwa umelala hospitali. Mtu alipaswa kuimaliza."

"Ilikuwa imekwisha."

"Basi hukuitangaza. Mwenye kitu ni anayekitangaza."

Nilikwenda kwa profesa wetu, mama mmoja mpole. Nilimweleza yote. Akanisikiliza, akasema, "Ninyi wawili mmetoka sehemu moja. Nendeni mkamalizane wenyewe kama ndugu." Nilitoka mle ofisini nikaingia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukaa kwenye kiti changu. Toka siku ile sikulalamika tena. Nilimsalimia Festo kila asubuhi, na yeye akadhani nimemezea.

Sasa sikia jambo ambalo hakuna anayelijua, Dada. Wiki ile ile nilianza kukagua hesabu zangu upya, nikitafuta cha kuthibitisha kwamba ni zangu. Nikakuta kosa. Kati yetu na nyota kuna vumbi linalopunguza mwanga, na sisi hulazimika kulipigia hesabu na kuliondoa. Katika kona moja ya anga, kwa nyota kumi na moja, nilikuwa nimeliondoa mara mbili. Kwa hiyo nyota zile zilionekana angavu kuliko zilivyo, zikahesabiwa kuwa karibu kuliko zilipo, na kasi zake zikaonekana zimezidi. Ramani ikaonyesha lundo kubwa la maada nyuma yake. Lundo hilo halipo.

Kosa lilikuwa langu. Lakini Festo alikwisha kulinakili pamoja na vingine vyote, na lundo lile ndilo lililompendeza kuliko kitu chochote. Alilipaka rangi nyekundu, akalifanya kichwa cha habari yake. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Miezi minne nilipita mbele ya meza yake na ile sentensi mdomoni.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Festo alivaa suti ya bluu, akazungumza vizuri, akaonyesha lundo lake jekundu, watu wakapiga makofi. Walipokaribisha maswali nilinyoosha mkono.

"Naomba uturudishe kwenye nyota kumi na moja za kona ile. Vumbi umeliondoa mara ngapi?"

Akatabasamu. "Mara moja, kama kawaida."

"Tufungulie hesabu tuone."

Akafungua. Akatafuta pale mbele za watu, akatafuta tena. Hakujua hata ni mstari gani, maana hakuwa ameuandika yeye. Mzee mmoja mgeni akainuka, akaonyesha kwa kidole mahali pa kwanza, kisha pa pili. Festo akanitazama. Njia ya kujinasua ilikuwa moja tu, aseme hesabu ile ni ya Skolastika. Nilimwona akilifikia neno hilo, akalirudisha. Akashuka jukwaani bila kumaliza.

Mkataba wake haukuongezwa. Profesa, aliyemwona Festo akishindwa kuupata mstari wa hesabu aliyoiita yake, ameniomba radhi na kunipa ramani niichore upya kwa jina langu. Siku anafungasha vitu alikuja mlangoni kwangu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ungeniambia, Skola. Ningelia mbele yako kuliko mbele ya watu wale."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akaondoka. Nilidhani nitatetemeka au nitalia. Nilikunywa chai na mkate, Dada, nikalala usingizi mzuri. Wageni wale walisafiri mbali kuja kuona lundo la uongo, na mimi niliwaacha waje. Hilo tu ndilo linalonisumbua kidogo. Festo hanisumbui.

Mama yake akija tena mpokeeni, mpeni kiti na chakula, yeye hakuniibia. Ila jibu langu msililainishe. Mwanawe aliniletea uji huku ananiibia, nami bado naisikia ladha yake.

Nisalimie shemeji, mwambie ile picha ya darubini aliyoiomba nimeiweka humu ndani. Msalimie Baba Mdogo Renatus na ng'ombe wake, na Shangazi Veronika anayeimba kwaya. Wanafunzi wako wa darasa la sita waambie wakiwa na maswali ya nyota waniandikie, nitawajibu.

Mama utamsomea mwenyewe, kwa Kiha, taratibu. Najua utataka kuruka pale niliposema nilijua miezi minne nikanyamaza. Usiruke. Akae na mtoto wake kama alivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Skolastika