Baba, Nimehamia Risasi za Shaba

Baba,

Utanuna, lakini bora uyasikie kwangu. Tangu tukuzike, kabla ya Ramadhani, bunduki yako imeandikishwa kwa jina langu, na risasi zako nimeziacha. Zile zenye madini ya risasi ndani, ulizozipanga gerejini kwenye makopo ya maziwa, haziendi tena porini. Mwaka huu nimewinda kwa shaba tupu.

Najua. "Shaba ni ya bangili." Ulimwambia hivyo yule mwenye duka la bunduki wa Kensington mbele ya wateja wake, nami nikajifanya naangalia mikanda.

Sasa nisikilize. Nina mimba ya miezi mitano. Mama amefurahi mpaka anakera. Kliniki, nesi aliniuliza nakula nini, nikamjibu kwa kujidai, nyama ya porini. Akaniambia madini yale ni sumu, na risasi ikimpiga mnyama hupasuka vipande visivyoonekana, vikasambaa mbali na jeraha, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Nikaikumbuka sambusa ya Idi, Mama alipotafuna kitu kigumu akakitema, nawe ukacheka ukamwambia ni bahati yake. Tulikuwa tunakata nyama iliyovilia damu, upana wa kiganja, tunatupa, tunaona tumemaliza. Sikukulaumu, Baba. Hukujua. Lakini nililia ndani ya gari pale Rosettenville, robot, taa ya barabarani, ikawaka kijani, watu wakanipigia honi.

Nikanunua vichwa vya risasi vya shaba, nivipachike mwenyewe kwenye maganda kama ulivyokuwa ukifanya, kisha nikafanya ujinga. Nilichagua uzito uleule uliouandika kwenye daftari lako la vipimo, nikapima na baruti kiasi kilekile. Nilipokishika kichwa cha kwanza kando ya chako, nikaona ni kirefu zaidi. Eish. Shaba ni nyepesi kuliko madini yako, kwa hiyo kufikia uzito ule lazima kirefuke, na kingezama ndani ya ganda kikaila nafasi ya baruti. Bunduki ingeweza kunipasukia usoni. Nilikaa kwenye kiti chako. Nilikuwa nimeuamini mwandiko wako kuliko macho yangu, kwa sababu ni wako, na kwa sababu nimekukosa mno.

Nikairudisha baruti yote koponi. Nikachagua vichwa vyepesi zaidi, nikafuata kitabu cha waliovitengeneza, nikaanzia chini na kupanda kidogo kidogo. Nilikwenda uwanja wa shabaha Jumamosi tatu. Ile ya mwisho, matundu yangu matatu ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Nilijisifu peke yangu, maana wewe hukuwepo wa kunibishia.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwinda Limpopo. Swala dume, bismillah, risasi moja. Hakufika mbali. Kichwa cha shaba nilikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimechanuka lakini kizima, hakikuacha hata kipande.

Mama alipika paja kwa tui la nazi, akaniuliza mara mbili kama kweli naweza kula. Nikamwambia ndiyo. Nikala nikashiba, bila hofu yoyote.

Pumzika, Baba, Mungu akuangalie vizuri. Nakuahidi hivi: mjukuu wako akianza kula, nyama yake ya kwanza nitaiwinda mwenyewe. Nitamwambia babu yake angenibishia juu ya shaba mpaka sahani iishe, halafu angeomba aongezewe.

Binti yako,
Mwanaidi