Siku Mbili Bila Kahawa

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Vitore kanishinda. Miezi mitatu nimemkwepa, leo nimekaa kwenye kiti chake. Binti yangu mwenyewe, daktari wa meno, na mimi baba yake nimeziba mdomo kwa mkono katika kila picha tangu abatizwe. Harusi yake ni tarehe 28. Ananiambia: baba, Waitaliano wanapanda meli kuja kwangu kung'arishwa meno, halafu mtu atakayenisindikiza kanisani ana meno ya rangi ya chai ya jana.

Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha tumbaku. Kahawa vikombe sita kwa siku. Yangekuwaje meupe?

Nilidhani nitapakwa dawa niende zangu. Thubutu! Kwanza eksirei, kisha kijioo, kisha kugongagonga jino moja moja kama mnunuzi wa matikiti. Kapata moja limetoboka, chini kulia. Kasema dawa ikiingia kwenye tundu lile utaruka hadi darini. Basi kwanza kuziba, kisha kuondoa ukoga, na kung'arisha baadaye.

Nikamkiria la siri: mwezi wa nane nilikuwa nasugua kwa mkaa na ndimu. Hakunifokea. Akasema nimejisugua ganda la meno, na ganda likishaondoka halioti tena. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 4 Oktoba 2023

Tundu limezibwa. Ukoga umetoka — vipande vizima, nimeviona! Ulimi unazunguka mdomoni kama mgeni ndani ya nyumba mpya.

Vitore kaniambia nichague. Kuna vifuniko vya plastiki vinavyofinyangwa kwa kipimo cha meno yangu, unatia jeli nyepesi, unavaa nyumbani kila siku wiki mbili. Polepole, lakini ganzi yake ni ndogo. Au jeli kali, pale kwenye kiti, asubuhi moja, fizi zikiwa zimekingwa. Nikauliza habari ya ile taa ya buluu ya kwenye matangazo. Kacheka: taa ni mbwembwe, baba, kazi inafanywa na jeli. Mwanamke mmoja alitiwa dawa na msusi wake, akaja kwa Vitore fizi zimeungua, nyeupe kama karatasi.

Nimechagua ya asubuhi moja. Najijua, vifuniko ningevisahau kwenye mfuko wa koti.

Kanionya mambo mawili. Jino langu la mbele lenye kofia ya bandia, lile la mwaka 1998, halitabadilika hata kidogo. Kofia haing'ai, kinachong'aa ni jino. Atabadilisha kofia baadaye, rangi ikishatulia. Na weupe wenyewe si wa milele: kwa kahawa zako, kasema, mwaka, ukijitahidi miwili.

Jioni mama kaniuliza tena kama Luigj atakuja harusini. Ana miaka themanini na minane, anasahau kama amekula, hilo halisahau. Nikasema tutaona. Tutaona nini? Mdogo wangu hajakanyaga kichochoro hiki miaka minane. Ilikuwa Novemba 2012, ukungu, gari lake dogo la mizigo, na Gjyste juu ya baiskeli. Akamgonga, akafa. Gjyste mke wa Preng, nyumba ya nne kutoka kwetu. Luigj alikaa jela miaka mitatu, akatoka, Preng akatuma neno: dunia ni pana, lakini kichochoro hiki si chake. Akaenda Brescia, kwa Waitaliano. Desturi inasema mtu wa nyumba yetu aende kwa Preng kumwombea msamaha. Mtu huyo ni mimi. Sijaenda.

Alhamisi, 12 Oktoba 2023

Sijui niandikeje.

Saa nne asubuhi Vitore kanipimia rangi kwa kibao kilichopangwa meno ya bandia, toka jeupe hadi la kutisha. Langu lilikuwa karibu na mwisho. Kanitanua midomo kwa plastiki, kapaka fizi kitu kinachoganda, kisha jeli. Robo saa, kaifuta. Tena. Tena. Mara ya tatu meno yakaanza kudunda, umeme mwembamba unaokuja na kuondoka. Kasema ni kawaida, siku moja mbili, ikizidi nimwambie.

Kisha kioo.

Nimeogopa. Kweli, niliogopa. Mzee mwenye nyusi zangu alinitazama kwa meno ya kijana wa miaka ishirini. Lile la kofia peke yake limebaki kule kwenye tumbaku, limesimama katikati ya wenzake kama mlevi kwenye komunyo ya kwanza. Lakini mengine! Nikajaribu kucheka, nikashindwa kuacha. Vitore akageuka upande akijifanya anaosha vifaa. Analia huyu. Nami machozi. Kwa meno!

Masharti: siku mbili kamili bila kahawa, chai, divai nyekundu, tumbaku, kiazisukari, mchuzi wa nyanya. Jino sasa limefunguka, kasema, linanywa rangi yoyote itakayoligusa. Nile mtindi, wali, kuku, jibini. Kaniapisha.

Mama kaniangalia muda mrefu. "Umevaa meno ya nani?"

Ijumaa, 13 Oktoba 2023

Nitaandika kwa mpangilio.

Alfajiri kengele ya kanisa. Mama yake Preng amefariki usingizini. Msiba hauna ugomvi, jirani lazima aende, hata sisi. Saa sita mchana nikavaa koti jeusi. Njiani nilikuwa nawaza nini? Meno! Nilikuwa nahesabu saa: ishirini na sita, bado ishirini na mbili. Aibu yangu hii, acha niiandike.

Sebule imejaa wanaume, viti kuzunguka kuta. Nikampa pole dada yake Preng, nikampa Preng mkono, akaupokea bila kunitazama. Nikakaa. Dada akapita na kahawa chungu, ya msiba, akaniwekea mbele yangu. Nikasema asante, nikaacha kikombe hapo. Nilidhani katika watu thelathini nani ataona kikombe kimoja?

Mimi nimezaliwa kichochoro hiki. Mimi najua! Mtoto wa miaka saba anajua! Mgeni akiwekewa kahawa katika nyumba iliyomkasirikia asiiguse, amekuja na ombi, na hatakunywa mpaka ajibiwe. Najua tangu tumboni, na nilisahau kwa sababu ya meno.

Mazungumzo yakaanza kufa, kutoka kiti cha jirani hadi mlangoni. Mzee aliyekaa kulia kwangu akaninong'oneza: "Pashk, kahawa inapoa." Nikatazama kikombe. Ndipo nikaelewa. Ningeweza kusema, jamani, ni mambo ya daktari wa meno. Msibani! Ningeweza kuinua nikanywa, iwe kama nimeghairi, tusi kubwa zaidi. Nikabaki nimeinamisha kichwa, mikono magotini, yaani hasa kama mwombaji.

Preng akaja akasimama mbele yangu. Naviona viatu vyake mpaka sasa. Akauliza, taratibu, "Umekuja na nini, Pashk?"

Nikazidi kuinama.

"Luigj," akasema yeye mwenyewe. Miaka kumi na moja hajatamka jina hilo. Ndani wanawake wanalia kwa marehemu. Kisha: "Kunywa kahawa yako. Mwambie aje."

Wote wakasimama. Wote, na wazee wasioweza kusimama wakashikwa. Nikanywa. Ilikuwa baridi na chungu, nikameza hadi machicha. Preng akanishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu kwenye paji la uso.

Mtu huyu mama yake amelala chumba cha pili hajazikwa. Ametoa wapi moyo huu? Nimeona milima, nimeona utawala ukianguka, sijaona kitu kikubwa kama kile.

Na mimi sikuomba.

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Maziko asubuhi. Mchana nikampigia Luigj. Nikasikia mashine za kiwandani kwake. Kisha swali moja tu: "Wewe ndiye uliyemwomba?"

Nikasema ndiyo.

Akalia. Akasema miaka yote hii hakuwa anamngoja Preng, alikuwa ananingoja mimi, aone kama kaka yake ataweza. Anakuja Ijumaa, kwa meli ya kutoka Bari.

Mama ameanza kufua shuka. Meno yana ganzi, hata hewa inauma.

Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Mtaa mzima wananiamkia kwa heshima mpya. Mwuza mkate kakataa nipange foleni. Kila salamu inanichoma.

Nikamwambia Vitore yote. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha ghafla. Katazama meno yangu kwa taa, maana kahawa ile ilikuja mapema mno. Yamepoteza kidogo tu, kasema, atanipa vifuniko vya nyumbani nirudishie baada ya ganzi kuisha, tusiharakishe. Kisha, huku akivua glavu: "Funika kombe mwanaharamu apite, baba. Ami anakuja. Unataka nini zaidi?"

Nataka niwe nimeomba.

Jumatano, 18 Oktoba 2023

Nimekwenda. Preng amefungua karakana yake ya baiskeli leo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa ananyoosha gurudumu. Nikasema nikiwa nimesimama mlangoni, kwa pumzi moja: Preng, siku ile sikuja na ombi. Vitore aling'arisha meno yangu, nilikatazwa kahawa siku mbili. Basi.

Akaendelea kuzungusha gurudumu.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajuaje.

"We Pashk. Ulipompa dada yangu pole, sebule nzima ilipata mwanga, isipokuwa hilo moja la mbele. Na dada mwenyewe alifanyiwa kwa Vitore mwezi wa tano. Siku mbili tulikula wali mweupe nyumbani mpaka nikauchukia."

Nikamwuliza, sasa kwa nini?

Akaweka spana chini. Akasema kila siku ananiona napita na baiskeli, nikifika mlango wake nainamisha kichwa na kuongeza mwendo. Mwaka wa kwanza angenifukuza. Wa pili pia. Kuanzia wa tano alikuwa anamwambia mama yake aache kahawa tayari, huenda leo. Mama yake ndiye aliyekuwa anauliza kila jioni, amekuja yule? "Siku mama amelala maiti, kikombe chako kikakaa bila kuguswa. Ningesema nini, Pashk? Nikupime meno kwanza?"

Nikakaa chini juu ya kreti. Mlango ule ulikuwa wazi miaka sita nami naukimbia kwa baiskeli! Mama yangu angemwona mwanawe miaka sita.

Nikamwambia na uongo niliomwambia Luigj. Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hiyo si yangu," akasema. "Ijumaa nitakwenda nawe bandarini. Nina gari la mpwa wangu, lako halifiki hata Lezha, nusu ya njia."

Ijumaa, 20 Oktoba 2023

Durrës, bandarini. Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika ndani ya gari, daftari juu ya goti.

Tumeendesha kwa muda wa saa mbili hivi, maneno hayafiki kumi. Preng amevaa koti la maombolezo, ndevu hajanyoa. Amenunua mikate miwili ya jibini, akanipa mmoja. Meno hayaumi tena. Nimetafuna bila kufikiri, na nikajishangaa.

Meli imeshafunga kamba. Luigj ameandika: niko foleni ya pasipoti, una uhakika?

Nikaisoma mara tatu. Kisha nikageuka kwenye kiti changu. Nikasema, "Preng."

"Sema."

Nikamwomba. Nilisema yote, kwa jina lake Gjyste, ambalo sijalitamka mbele yake tangu mazishi. Nilisema ndugu yangu alimuua, hakukusudia, na mimi niliogopa miaka kumi na moja, na sasa nakuomba umsamehe. Sauti ilikuwa mbaya, ilikatika mara mbili. Kitu nilichokwisha kupewa, nikakiomba upya kana kwamba sijapewa. Na kilikuwa kizito kuliko nilivyokiogopa.

Amekaa ameshika usukani wa gari lililozimwa. Taya linacheza. Nilidhani ataniambia tayari, nilikwisha kukupa. Hakusema hivyo. Inaonekana hili ni jambo lingine, na analipima kwa mara ya kwanza.

Sasa amefungua mlango, ametoka. Amesimama kwenye uzio, mgongo kwangu, kofia mkononi. Abiria wameanza kutoka. Familia moja, mapadri wawili, mwanamke na mbwa.

Yule pale. Ana mvi! Begi moja dogo, kama mtu asiyejua atakaa siku ngapi. Ameniona garini, ameinua mkono. Bado hajamwona Preng.