Vidole Vinne Begani

Jumatatu, 4 Novemba

Mama kalazwa, anapasuliwa moyo Ijumaa. Daktari kasema kwa umri wake ni nusu kwa nusu. Tulipotoka, mdogo wangu Byeong-uk akanivuta pembeni: nitafute picha nzuri ya kuweka mbele ya maua, endapo... Nikamwambia afunge mdomo. Akasema, dada, umesahau ya mjomba? Sijasahau. Tulikuza picha ya kitambulisho, marehemu akaonekana kama anatafutwa na polisi. Watu walinong'ona msiba mzima.

Naogopa. Ni kama kumwita mgeni nisiyemtaka. Lakini nimeitafuta. Kuna moja tu ambayo Mama anacheka — ile ya mlimani, majani mekundu kote, na marehemu Baba kamwekea mkono begani.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefunga mapema duka langu la kimchi, kabichi yetu ya kuchachushwa. Kazi ni kumtoa Mama kwenye majani, abaki peke yake kwenye weupe. Programu ya kwanza ni ya mafundi, vitufe chungu nzima. Nimeifuta. Ya pili inakata yenyewe — imekula mawimbi yote ya nywele zake za saluni, Mama kawa kama kavaa helmeti. Ya tatu ni ya simu, unagusa tu. Hiyo imefuata kila msokoto! Ila imemchukua pamoja na mkono wa Baba. Vidole vinne begani, mwenyewe hayupo.

Nilitupa simu kitandani. Nikapika wali, sikuula.

Jumatano, 6 Novemba

Byeong-uk anasema nivifute, ni vidole tu. Vidole tu! Vya baba yake.

Basi nikapakua programu ndogo ya bure ya kompyuta, ile yenye kitanzi: unazungusha mstari taratibu kwa mkono wako, unafuta kilicho ndani. Nikazungusha vidole. Nikafuta. Papo hapo simu ikalia — hospitali. Mama kaanguka akienda chooni.

Nilibonyeza kurudisha vidole kwanza, ndipo nikavaa viatu. Mtu mzima mimi. Lakini nilibonyeza.

Hajaumia. Nesi anasema presha ilishuka tu.

Alhamisi, 7 Novemba

Yamenikuta. Mama kaomba simu yangu ampigie shangazi, na mimi picha nilishaihamishia humo, sikuifunga. Akajiona — yeye, weupe, na vile vidole. Akatazama, akatazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani kanikata?"

"Mimi, Mama."

"Nywele umezipatia." Akasogeza simu karibu na macho. "Hapa sikioni umeacha jani. Unataka watu waseme nimezikwa na takataka?"

Akasema wenzake wa kwaya walienda zamani kupigwa picha zao za msiba, wamepaka na rangi ya mdomo, ati ukiipiga ungali mzima unaongezewa umri. Sisi ndio tunamfichaficha kama mtoto.

Nikamwambia vidole nitavitoa.

"Nani kakutuma? Viache."

"Watu watauliza, Mama."

"Waulize. Mimi sitakuwepo kujibu."

Tukacheka, mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. Kisha akanishika mkono, naye mkono wake ulikuwa baridi. Akaniuliza kama nitakuwepo asubuhi. Kumbe na yeye anaogopa.

Ijumaa, 8 Novemba

Wamemwingiza. Ubaoni ukutani jina lake, Pyo Mal-sun, limeandikwa "anapasuliwa". Silitazami. Nalitazama.

Byeong-uk kaja na kahawa, kauliza kama picha iko tayari. Nikamwonyesha. Nilijua atagombana nami juu ya vidole. Badala yake akavikuza, akavigusa kwa kidole chake, akageukia dirishani.

Haiko tayari, nimemwambia. Lile jani la sikioni sijalitoa. Makusudi. Dakika mbili tu kulitoa, programu nishaizoea. Lakini picha isipokwisha haitumiki, na isipotumika... ujinga, najua. Nimelishikilia hilo jani tangu asubuhi.

Ubao umebadilika. Jina la Mama halipo tena kwenye orodha ya wanaopasuliwa, wala kwa waliotoka silioni. Byeong-uk kasimama. Mlango unafunguliwa, daktari anatoka, anauliza familia ya Pyo Mal-sun. Bado kavaa barakoa, uso siusomi —