Kabari ya Muringa

Mpendwa Baba Njeru,

Msumeno wako nimeuuza. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeziruka salamu zote ukitafuta palipoandikwa habari za mashine. Nimemuuzia Njagi. Ndiyo, Njagi wa rika lako, mliyetahiriwa naye siku moja mtoni, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali watulinde hapa kijijini. Nisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichoniandikia miaka ile yote ukipasua mbao Nanyuki. Kiembu tulikiacha cha kusemea.

Unakumbuka siku msumeno ulipofika kwetu Karurumo? Uliununua kwa yule Mhindi aliyekuwa akifunga kiwanda chake, tayari umechoka, na injini yake ikikohoa kuliko babu yako. Mkokoteni wa ng'ombe ukapinduka kwenye kivuko cha mto Ena, na kile chuma cha mezani kinachoongoza mbao kikapinda. Mimi nililia. Wewe ulikaa juu ya jiwe ukacheka, halafu ukachonga kabari ya mti wa muringa, nene kama kidole gumba upande mmoja na nyembamba kama ukucha upande wa pili, ukaichomeka nyuma ya kile chuma. Bila kabari hiyo mbao ilitoka nyembamba huku, pana kule. Ikiwepo, mbao ilinyooka. Ukaniambia, "Mashine ina kilema chake kama mtu, Mama Njeru. Ukishakijua, mnaishi."

Na kweli tuliishi nayo. Wewe ulisukuma gogo, mimi nikasimama upande wa pili nikivuta. Wanaume wa sokoni walikucheka kwamba umeoa kibarua, ukawajibu kwamba angalau kibarua wako hachelewi kazini. Kelele zilikuwa nyingi, kwa hiyo tulizungumza kwa uso tu. Ukiinua kidevu, navuta. Ukifumba jicho, nasimama. Hata nyumbani ulinifumbia jicho nikizidisha chumvi. Na majigambo yako, jamani. Kila mlango uliotoka karakana ile uliufunga mbele ya mwenyewe, ukatoa wembe mfukoni na kujaribu kuupitisha pale mbao zinapokutana. "Wembe haupiti," ulisema, kana kwamba miti uliiumba wewe.

Halafu serikali ya Wazungu ikatangaza Hali ya Hatari, ikatuhamishia kwa nguvu katika kijiji hiki. Ulikuwepo, sina haja ya kukueleza handaki lililotuzunguka, wala miti iliyochongwa ncha humo ndani, wala nyumba tuliyoingia mvua ikinyesha kabla haijaezekwa. Mvua ile ndiyo iliyokuingia kifuani. Karakana ilibaki ng'ambo ya handaki, naiona kutoka mlangoni, karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule namsikia. Ulipofariki nilikwenda kwenye lile pengo la kutokea, wakati huo likizibwa kwa matawi ya miiba, nikaomba nikachukue mbao zako za muringa, zile ulizoziweka kando ukasema ni za kwako mwenyewe. Homgadi wakaniambia si saa ya kutoka. Wewe uliyewatengenezea majeneza nusu ya watu wa Karurumo, tulikuzika na blanketi. Hilo linaniuma hadi leo, na sioni siku litakapoacha.

Hata matanga hayajapoa, ikatoka amri kwamba majengo yote yaliyo nje ya handaki yabomolewe, watu wa msituni wasipate pa kujificha. Karakana ingebomolewa Jumatatu.

Nilikuwa na mnunuzi, Baba Njeru. Alikuwa M'Rukaria, yule fundi wa Ruiri mliyelala naye kambi moja Nanyuki. Alinitumia neno kupitia kwa mwalimu wa kanisa kwamba msumeno ataununua yeye, na Njeru wetu akitoka kizuizini aende Ruiri, ataukuta unamngoja na kazi ipo. Nililitaka hilo kuliko bei yoyote. Mtoto wetu atatoka siku moja, na mtu akitoka kule anahitaji kitu cha kushika mkononi. Lakini M'Rukaria alinyimwa pasi ya kuvuka mto Thuci kuja upande huu, na mimi nikanyimwa ya kwenda hata Runyenjes kumwombea. Nikawa natazama karakana kutoka mlangoni kama mtu anayemtazama ng'ombe wake akichukuliwa na maji.

Ijumaa Njagi akaja, akanipeleka karakana mwenyewe. Alinisalimu vizuri sana. Unajua mila yetu, mtu wa rika lako akija kwako ni kama wewe mwenyewe, hanyimwi kiti wala uji, na mimi kwa maneno ni mke wenu nyote. Mila hiyo hiyo inasema mjane wa rika habanwi. Nusu hiyo ya pili Njagi alikuwa ameisahau.

Aliipiga injini teke dogo. Akapitisha kidole kwenye meno ya msumeno, akaitikisa meza, akatema mate pembeni.

"Mke wetu, hiki ni chuma kuukuu," akasema. "Mkanda umeungwa-ungwa. Meno yamekwisha."

"Meno aliyanoa kabla hajaugua."

"Mimi nakusaidia tu. Jumatatu hii nyumba inaanguka na kila kitu ndani. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Na wewe unautakia nini?"

"Kutengeneza geti la kijiji, na mnara wa askari. Bwana D.O. amechoka na miiba, anataka mbao."

Alitaja bei ya mbuzi wawili waliokonda. Nilitamani kumwambia aondoke. Nikamfikiria Njeru, nikamfikiria M'Rukaria aliyekwama ng'ambo ya mto, kisha nikaliangalia paa la karakana juu ya kichwa changu. Kukataa kungekuwa kuuzika msumeno chini ya mabati, na kukubali kulikuwa kumpa Njagi kamba ya kunifungia. Nikakubali. Alichukua vyote, hata mbao zako za muringa.

Vijana wake walipokuwa wakiifungua meza, kabari ikaanguka. Njagi akaiokota.

"Hii ni nini?"

"Ni kabari."

"Kuni," akasema, akanirushia. "Kapikie."

Nikaitia kwenye kiondo. Mtu ameshapima kila kitu kwa macho yake, mimi ni nani wa kumwongezea?

Waliufunga msumeno hapa ndani, kwenye kambi yao. Siku walipouwasha nilikuwa nikisonga ugali. Ile sauti iliponifikia, mikono yangu iliuacha mwiko yenyewe ikawa tayari kuvuta. Nilikaa chini nikalia, nawe unajua mimi si mtu wa kulia ovyo, ukiacha ile siku ya mto Ena.

Basi geti likatokea, na usicheke sana. Kila mbao ilikuwa pana chini, nyembamba juu. Fundi waliyemleta kutoka mjini Embu alilaumu miti, akalaumu mvua, akalaumu vijana. Walipolifunga, katikati palibaki uwazi ambao mtoto angepita na mtungi wake wa maji. Mimi nilikuwa na kabari chini ya kitanda. Kila nikipita pale nilijifunika mdomo kwa leso. Mungu anisamehe, nilikuwa mjane mwenye furaha.

Furaha yenyewe haikudumu. D.O., yule Mzungu mkuu wa tarafa, alikuja, akasimama mbele ya ule uwazi, akaupitisha mkono wake mzima. Akaamuru kwamba mpaka geti lifungike hakuna mtu kwenda shambani, na maji tutaletewa na homgadi watakapopenda. Mahindi yakabaki huko yakiliwa na tumbili, nasi tukabaki tukiangaliana. Nilijiambia watachoka. Walioanza kuchoka walikuwa watoto. Mama Wanjuki, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja na mtoto wake mchanga mgongoni akasimama mlangoni bila hata kukaa.

"Mama Njeru, wewe ndiye ulikuwa unavuta hizo mbao," akasema. "Kweli hujui hiyo mashine ina shida gani?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu maziwa yamenikauka. Sina mwingine wa kuuliza."

Nilitoa kabari chini ya kitanda nikaenda nayo kambini. Njagi alipoiona aliitambua mara moja.

"Kumbe ulijua?"

"Ulisema ni kuni."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akanionyesha upande wa pili wa meza, mahali pangu pa siku zote. "Basi simama pale uvute."

Niliichomeka kabari nyuma ya chuma kama ulivyonifundisha, nikasimama. Hakukuwa na mtu wa kuniinulia kidevu, nikavuta hivyo hivyo. Mbao za kwanza kuletwa zilikuwa zile za kwako, Baba Njeru, zile za muringa. Nilizijua kwa alama yako ya makaa pembeni. Zilitoka zimenyooka, na ule unga wake mwekundu ukanijaa mikononi kama zamani. Nilizivuta zote hadi ya mwisho.

Sasa tunakwenda shambani tena kwa saa zao. Mama Wanjuki amepata maziwa. Kabari imebaki kwa Njagi, na siku hizi ameifunga kwa waya isianguke. Njeru bado hatuna habari zake. Akirudi, ataingia kwa geti hilo hilo, hakuna njia nyingine, na sijui nitamwambia nini akiliona lilivyo zuri.

Jana jioni, walipokuwa wakilifunga, nilisogea karibu nikiwa na wembe wako. Homgadi alidhani nachungulia shamba langu kabla ya kufungwa, akaniacha. Nikaujaribu pale mbao zinapokutana, juu, katikati, na chini.

Haupiti.

Lala, Baba Njeru. Mimi niko hapa, siendi mahali.

Wako uliyemzoesha kuvuta,
Mama Njeru